Nanga ya Tatu

Wepukhulu akipanda mnara, Bokoli nzima huacha kazi. Wa bodaboda huzima injini, wauza mboga hukinga jua kwa kiganja, na wenye simu nzuri hupiga picha. Akishuka hupewa soda na kuulizwa kama ameiona Uganda. Hujibu kwamba ameiona, hata kama siku hiyo kulikuwa na ukungu. Muda wote huo mkewe, Pauline Nasambu, huwa yuko ndani ya shimo, matope yamempanda hadi magotini, na hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha. Labda ni kwa sababu kinachoonekana ni mgongo tu. Nasambu hakulilia picha. Alikuwa na maoni yake kuhusu wanaume na kupanda juu, na aliyatoa bila kuombwa.

"Mwanamume akiona ngazi," alikuwa akisema, "anasahau kuuliza imeegemea nini."

Mnara mwembamba wa redio haujisimamii wenyewe. Umeshikwa na waya nene za chuma ziitwazo stei, zinazoteremka pande tatu mpaka chini. Kila upande, waya hizo hukutana kwenye nondo moja yenye unene wa dole gumba la mkulima. Nondo hiyo huzama udongoni na mwisho wake umekamatwa na bonge la zege. Hiyo ndiyo nanga, na iko mbali na bahari yoyote. Sehemu iliyo juu ya ardhi unaweza kuitazama kila siku na kuisifu. Iliyo chini, pale udongo mnyevu unapoikumbatia kabla haijafika kwenye zege, hiyo ndiyo kutu huila kimyakimya. Nondo inaweza kung'aa juu kama kijiko kipya na huko chini ikawa imebaki kama sindano ya kushonea magunia. Ili ujue, lazima mtu achimbe. Mtu huyo, kutoka Kitale mpaka Bungoma na kupanda hadi Cheptais, alikuwa Nasambu.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuwa akikaa Kipsongo, pale Kitale, akigonga kokoto kwa nyundo, siku mwanakandarasi mmoja alipopita akitafuta watu wa kuchimba mashimo ya mnara. Wanawake waliambiwa watachota maji. Nasambu alichota maji mitungi miwili, akatazama jinsi wanaume walivyokuwa wakichimba, akashindwa kuvumilia. Alichukua jembe na sululu. Kufikia saa nane shimo lake lilikuwa limeyapita ya wenzake kwa kina, na kuta zake zimenyooka kama za kabati. Mpanda mnara, kijana mrefu wa Webuye aliyejiona sana, aliinama akalitazama.

"Dada," alisema, "hili shimo limenyooka."

Nasambu huwaambia watu kwamba hilo ndilo neno la mapenzi la kwanza aliloambiwa na Wepukhulu, na la mwisho pia. Si kweli, lakini Wepukhulu hajawahi kulipinga. Walioana, wakapata binti, Nekoye, na tangu siku hizo mume akawa wa juu na mke akawa wa chini.

Mambo ya kutu alifundishwa na Kuldip, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, mzee wa kilemba aliyezaliwa hapo hapo na anayeijua bei ya kila msumari tangu enzi za baba yake. Nasambu alikwenda kununua rangi ya kupaka nondo. Kuldip akamuuliza itakaa wapi. Alipoambiwa ni udongoni, aliirudisha rangi kwenye rafu.

"Rangi peke yake ni nguo ya Jumapili, mama," Kuldip alisema. "Kutu lazima ikule kitu. Sasa wewe ipatie chakula kingine, iache chuma yako."

Akamwonyesha kipande cha zinki, kizito, cha kijivu, chenye kijiwaya. Kilikuwa cha kuzikwa kando ya nondo na kuunganishwa nayo kwa huo waya, ili kutu imalize njaa yake hapo. Zinki inaliwa, nondo inapona. Nasambu alicheka mpaka akashika kaunta. Alisema amewahi kuwaona ndugu wa namna hiyo, mmoja anafanya kazi mpaka anakwisha na mwingine ananenepa. Kuldip akacheka pia, lakini aliendelea kumfundisha siku ile na siku nyingine nyingi.

Kwa hiyo Nasambu akawa na utaratibu wake. Shimo moja kwa wakati mmoja, la pili halifunguliwi mpaka la kwanza lijazwe. Nondo inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ioneshe ukweli wake. Ikiwa nzima, inapakwa lami, inazungushiwa utepe mzito wenye mafuta, inafungiwa zinki, kisha inarudishiwa udongo safi usio na majivu wala mbolea. Akimaliza la tatu alitoka shimoni, akapangusa mikono kwenye leso, akamwambia mumewe neno moja: "Panda." Miaka kumi na tisa Wepukhulu hakuweka mguu kwenye ngazi kabla ya kulisikia neno hilo. Wala hakuwahi kuinama kuchungulia shimoni. Alisema kuchungulia shimo la mkewe ni sawa na kufunua sufuria yake jikoni, na yeye alikuwa amelelewa vizuri.

Sasa tuje kwa fahali.

Mnara wa redio wa Bokoli ni wa kituo kidogo cha hapo hapo, chenye watangazaji watatu na feni moja. Nanga yake ya tatu iko kwenye shamba la mzee Makokha, mkulima aliyempita Nasambu kwa miaka ishirini na mitano na mwenye koti moja la kila msimu. Miaka mitatu iliyopita wezi wa vyuma vya kuuza kwa kilo walikuwa wameigundua. Walifungua nati. Ikawekewa ua wa seng'enge, wakaiba seng'enge. Nasambu, aliyekuwa amekuja kuzifunga upya nanga zote tatu, alisimama hapo mikono kiunoni, akamwona fahali wa Makokha akila nyasi kando. Alikuwa fahali mweusi mwenye nundu kubwa na tabia mbaya, na jina lake lilikuwa Chifu.

"Papa," Nasambu alimwambia mzee, "huyu mfunge hapa kwenye nondo. Tuone nani atakuja na spana."

Watu walimsifu. Tonny, meneja wa kituo, kijana wa miwani na simu mbili, alilitangaza jambo hilo hewani. Tangu siku hiyo haikupotea nati hata moja. Nasambu aliisimulia hadithi hiyo kwenye chama cha akina mama, akaisimulia kwa Kuldip, akaisimulia kwenye harusi mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na minara. Kila mara Chifu alikuwa mkubwa zaidi.

Mwaka huu, mvua za Aprili zilipoanza, upepo wa usiku mmoja ulipinda antena ya juu na kituo kikanyamaza. Siku ya pili ya ukimya Tonny alipiga simu Kitale. Asubuhi iliyofuata Nasambu na Wepukhulu walikuwa Bokoli na sanduku lao la vifaa.

Shimo la kwanza, nondo ilikuwa nzima. Alipoisugua ilitoa rangi ya fedha. Zinki ilikuwa imeliwa robo tu. La pili vilevile, hata lami yake ilikuwa bado inanata. Nasambu alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake nzito, dalili kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Kwenye nanga ya tatu alimkuta Chifu amelala juu yake.

Amelala kabisa, miguu imekunjwa, taya zinasaga, mnyororo wake umefungwa kwenye nondo kama alivyoagizwa. Nasambu alipiga makofi. Chifu alimtazama kama karani anayemtazama mtu aliyekuja saa ya chai. Wepukhulu alijaribu kwa fimbo, Chifu akapuliza pua, Wepukhulu akakumbuka kwamba kazi yake ni ya juu. Makokha mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye kikao cha kupanga mazishi ng'ambo ya mto, na mkewe alisema wazi kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwinua fahali huyo.

Walingoja. Saa nne ikapita, saa tano ikafika. Juu ya Mlima Elgon mawingu yalikuwa yameanza kujipanga, na mawingu hayo yakifika hakuna mtu mwenye akili anayekaa juu ya mnara wa chuma. Tonny alikuja mara ya tatu.

"Madam, hii ya tatu si mtaicheki baadaye?" alisema. "Saa saba niko na matangazo ya vifo. Ziko kumi na mbili, bana. Siku mbili hatuko hewani. Watu watazika watu wao pekee yao, ati hawakusikia."

"Na unataka nikuongezee ya kumi na tatu?" Nasambu alimjibu.

Tonny hakuondoka. Na alilosema lilikuwa na uzito. Katika sehemu hizo tangazo la kifo halipitwi. Watu huzima hata jiko walisikilize, maana kukosa mazishi kwa kutosikia redio ni aibu ambayo watoto wako watakumbushwa. Nasambu alimtazama Wepukhulu, ambaye tayari alikuwa amevaa mikanda yake ya kupandia na alikuwa akitoka jasho. Akalitazama wingu. Akaitazama nondo, ile sehemu iliyochomoza kando ya ubavu wa Chifu. Ilikuwa safi na nyoofu.

Tena aliifunga nani? Si yeye mwenyewe? Lami yake, utepe wake, zinki ya Kuldip, siku moja na zile mbili zilizotoka kama mpya. Hizi ni tatu za mama mmoja, alijiambia, na mbili zimekwisha kunionyesha sura. Ukimuuliza leo atakuambia kwamba haikuwa mvua, wala haikuwa Tonny na marehemu wake kumi na wawili. Kilikuwa kiburi tu. Alikuwa akijiamini kama mtu anayeonja chumvi ya mboga kwa kuitazama.

"Panda," alisema.

Wepukhulu akapanda.

Alikuwa amefika juu kabisa na ameanza kulegeza antena, umati wa kawaida umejikusanya barabarani, Makokha alipotokea akisukuma baiskeli yake.

"Mulembe, mayi," alimsalimu kwa lugha ya nyumbani, meno yake yote machache yakionekana.

"Mulembe, papa. Chifu wako amenikatalia kazi."

"Huyo? Ngoja." Mzee aliegemeza baiskeli kwenye ua. "Miaka tatu, mayi. Hakuna nati imepotea. Hata moja. Mimi nirifanya vire urisema."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akautoa umefumbwa, akamwekea Chifu mbele ya pua na kurudi nyuma taratibu. Fahali aliinuka kama mtumishi wa kanisa anayeitwa mbele. Alimfuata mzee hatua tatu, mpaka pale mnyororo ulipokaribia kukaza, akawa analamba kiganja.

Nasambu alitazama pale Chifu alipokuwa amelala. Ardhi ilikuwa imebonyea kuizunguka nondo, imelainika kama sahani iliyolambwa, na kingo zake zilikuwa nyeupe.

"Papa, hii ni nini?"

"Chumvi," mzee alisema kwa fahari. "Sasa ng'ombe atakaa mahali namna hiyo bure? Mkono mtupu haurambwi. Nampatia hapa hapa kwa chuma, asubuhi na jioni. Mvua ikinyesha inaingia chini, yeye anachimba na ulimi anaitafuta. Ndio maana hatoki."

Miaka mitatu ya chumvi. Miaka mitatu ya mvua kuiyeyusha na kuishusha chini, na mkojo wa ng'ombe juu yake, na mnyororo kusugua huku na huku. Hakuna aliyehitaji kumweleza Nasambu. Alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, maana jembe lingetikisa.

Utepe ulikuwa umechanika tangu juu, umekatwa na mnyororo. Lami haikuwepo. Pale ilipokuwa zinki alikuta waya mtupu na unga mweupe. Ilikuwa imefanya kazi yake mpaka ikaisha, kisha kutu ikageukia chuma. Alipofika kina cha kiwiko vidole vyake vilikutana na nondo, na magamba mekundu yakambandukia mkononi kama maganda ya kitunguu. Aliyapangusa. Kilichobaki katikati kilikuwa na unene wa penseli.

Aliinua macho. Juu kabisa, mahali ambapo mtu anakuwa mdogo kama kidole, Wepukhulu alikuwa akivuta spana kwa nguvu zake zote.

Halafu akauona mnyororo wa Chifu, bado umefungwa kwenye nondo ile ile.

"Papa," alisema, na alishangaa kusikia sauti yake imetulia, "usimvute. Mrudishe hatua moja. Uko na chumvi nyingine?"

"Iko."

"Mpe yote. Mpe na mfuko."

Makokha hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alimwaga mfuko mzima chini ya pua ya fahali, na Chifu akainamisha kichwa na kuanza kulamba kwa utulivu wa mtu aliyestaafu. Nasambu akaufungua mnyororo kwenye nondo, pingili kwa pingili, bila kuuacha ulie. Kisha akampigia mumewe simu.

"Sema," Wepukhulu alijibu kutoka juu, upepo ukipuliza sikioni mwake.

"Baba Nekoye, uko wapi?"

"Niko juu ya mnara. Nitakuwa wapi?"

"Acha hiyo spana. Kumbatia mnara na utulie. Usiguse kitu kingine."

"Ni ya ngapi?" Wepukhulu aliuliza.

"Ya tatu."

"Ya fahali."

"Ndiyo."

Hakuuliza zaidi. Alisema tu kwamba kutoka hapo mlima unapendeza sana leo, na kwamba asijali kuhusu yeye, ana shughuli ya kuutazama. Nasambu alijua kwamba alikuwa akimtuliza. Jambo hilo ndilo lililokaribia kumliza.

Tonny aliambiwa alete winchi ya mkono na asikimbie. Alikimbia. Nyuma ya nanga, hatua saba au nane, kulikuwa na mkaratusi mkubwa. Nasambu alizungusha mnyororo wa kazi kwenye shina, chini kabisa karibu na mizizi, akaunganisha winchi. Kulabu ya upande wa pili akaitia kwenye bamba pale stei zote zinapokutana, juu ya nondo. Akaanza kuvuta mkono wa winchi. Taratibu, kijino kwa kijino, mpaka mzigo wa mnara ukaacha kuing'ang'ania nondo mbovu na kuukubali mti. Aliogopa, na hakuna njia nyingine ya kulisema. Alimwogopea mume wake jinsi alivyowahi kumwogopea Nekoye alipougua surua, kwa mwili mzima.

"Sasa shuka," alisema kwenye simu. "Polepole. Usiruke hata ngazi moja."

"Hata ile iliyopinda?"

"Baba Nekoye."

"Nashuka, mama. Nashuka."

Umati wa barabarani haukujua lolote. Walipiga picha kama kawaida, na mmoja alilalamika kwamba leo anashuka kama mzee. Nasambu alikaa kando ya winchi, mkono juu ya waya, akisikia kila hatua ya mumewe ikimfikia kupitia chuma. Alizihesabu mpaka akapotea, akaanza tena. Miguu ya Wepukhulu ilipogusa nyasi, waya ulinyamaza, na yeye akakaa chini pale pale kwenye matope yenye chumvi.

Tonny ndiye aliyesema kwanza, na alimgeukia Makokha.

"Mzee, ungeua mtu na chumvi? Kweli?"

Makokha alikuwa amevua kofia.

"Mwache," Nasambu alisema kutoka chini. "Fahali nilimwambia mimi amfunge hapa. Ulinisifu redioni. Mzee alifanya nilivyosema, akaongeza na akili yake ili kazi iwe nzuri zaidi. Mwenye kazi ya kufikiria kutu hapa ni nani? Ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, Tonny, na leo nguo ni yangu. Uandike hivyo kwenye ripoti."

Matangazo ya vifo hayakukosa kusomwa. Tonny alipanda bodaboda na kipaza sauti alichoazima kanisani, akayasoma yote kumi na mawili barabarani kutoka sokoni hadi shule ya msingi, kisha akarudi kuyasoma tena kwa wale waliochelewa. Wengine walisema ilikuwa bora kuliko redio, kwa sababu ungeweza kumsimamisha na kumuuliza marehemu ni wa ukoo gani.

Mke wa Makokha alileta chai. Nasambu na Wepukhulu waliinywa wamekaa juu ya sanduku lao, wakimtazama Chifu, ambaye alikuwa amehamishiwa kwenye mti mwingine na alionekana kudhulumiwa. Wepukhulu alikuwa mchangamfu. Alisema sasa ana hadithi ya kumpita mkewe na ile yake ya fahali aliyoisimulia harusini. Alidhani nondo ilikuwa imewadanganya wote wawili, kwamba mkewe alichimba, akasugua, akaona uzima, na ubovu ukajificha mahali fulani. Nasambu angeweza kumwacha aamini hivyo. Chai ilikuwa ya moto, mvua ilikuwa bado mbali, na hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

"Sikuwa nimechimba," alisema.

Wepukhulu aligeuza kichwa.

"Hiyo ya tatu. Nilikuambia panda kabla sijaiona. Fahali alikuwa amelala, nikachoka kungoja, nikasema ni kama zile mbili."

Mumewe aliweka kikombe chini. Hakukasirika, na Nasambu alitamani angekasirika, maana hasira za Wepukhulu alizijua na dawa yake alikuwa nayo.

"Mara ngapi?" Wepukhulu aliuliza.

"Nini?"

"Umeniambia panda bila kuona. Mara ngapi?"

"Hii tu."

"Hii tu."

"Hii tu, Baba Nekoye. Naapa kwa Mungu."

Ilikuwa kweli. Lakini Nasambu aliposikia maneno hayo yakitoka, alielewa kwamba hata kama ingekuwa mara kumi angejibu vivyo hivyo, na kwamba mume wake alikuwa amelielewa jambo hilo sekunde moja kabla yake. Mashimo yote ya miaka kumi na tisa yalikuwa yamefukiwa. Hakukuwa na shahidi ila yeye. Wepukhulu alimtazama muda mrefu kuliko siku ile ya Kitale alipomwona mara ya kwanza na jembe, kisha akatikisa kichwa kukubali na kuuliza kama kuna chai nyingine.

Nanga mpya ilichukua wiki tatu. Walichimba kando ya ile ya zamani, wakamwaga zege, wakaingoja ikomae, mkaratusi wa Makokha ukiendelea kuushika mnara. Tonny alifunga antena ndogo juu ya paa la kituo ili wasikike angalau hadi sokoni. Kuldip alipoelezwa habari zote hakucheka. Alikwenda nyuma ya duka akarudi na vipande viwili vya zinki badala ya kimoja, akamwambia Nasambu kwamba baba yake naye aliwahi kuuza tangi la maji bila kulipima, na kwamba mtu halali vizuri kwa muda, halafu analala. Makokha alilimwagia maji eneo lote kwa wiki nzima kuosha chumvi, ingawa hakuna aliyemwagiza. Chifu alijengewa kigingi chake mwenyewe cha mti mgumu, mbali na chuma chochote, mahali ambapo bado angeweza kumtazama mwizi kwa ubaya.

Siku ya kupanda ilikuwa ya jua. Nasambu alilifungua shimo la kwanza, akaona, akalifukia. La pili hivyo hivyo. Akaingia kwenye la tatu, nondo mpya ikiwa imevaa lami na utepe, zinki zote mbili zimelala kando yake kama watoto pacha, na akaikagua kutoka juu mpaka kwenye zege. Aliridhika. Barabarani watu walikuwa wamekwisha kutoa simu zao. Aliinua kichwa kutoka shimoni kusema neno lake, na hakumwona Wepukhulu kwenye ngazi.

Alikuwa amesimama ukingoni, juu yake, mikanda ikimning'inia mapajani.

"Sogea kidogo," alisema.

Akateremka. Alikuwa mrefu mno kwa shimo lile, na viatu vyake vya kupandia, ambavyo havikuwahi kuguswa na tope, vilizama mara moja. Alipiga magoti. Aliishika nondo kwa mkono wake wote, akaupitisha chini, polepole, mpaka kwenye zege, kisha akauvuta tena juu, kama mtu anayetafuta donge kwenye mguu wa ng'ombe. Hakumtazama mkewe alipokuwa akifanya hivyo.

Ilimuuma Nasambu. Hakujidanganya kwamba haikumuuma. Alijibana kwenye ukuta wa shimo kumpa nafasi, akamwonyesha mahali waya wa zinki ulipofungwa, kisha akampa brashi, asugue aone mwenyewe; lami angeipaka tena.